Chupa, Kitabu na Muhuri: Historia ya Kuacha Jina Kilimanjaro

Mgeni akifika kambi ya Horombo kwenye Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, hata kabla hajapumzika vizuri huelekezwa kwenye daftari. Ni daftari kubwa la mistari, liko kwenye ofisi ya askari wa hifadhi, na humo mtu huandika jina lake, umri, uraia, kazi yake na jina la kiongozi wake. Miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, ukungu hujaa hadi mlangoni na vidole hufa ganzi, basi mwandiko huyumba. Kwenye ukurasa mmoja utamkuta muuguzi, mwalimu mstaafu, mwanafunzi wa chuo na fundi bomba, kila mmoja na nchi yake, wamefinyana mstari kwa mstari. Kesho yake wataandika tena kambi ya Kibo, na wakishuka wataandika tena langoni.

Kwa hifadhi, daftari hilo ni la usalama na hesabu: nani yuko mlimani, amefika lini, ameshuka au bado. Lakini ndani yake umo pia mkono wa desturi ya siku nyingi, ya mtu aliyefika mahali pagumu kutaka atakayekuja nyuma yake ajue kwamba fulani alipita. Kilimanjaro desturi hiyo ina historia ndefu, yenye jiwe lililobebwa hadi Ulaya, chupa iliyoachwa kwenye mlima jirani, mwenge, majina yaliyofutwa na mengine yaliyobaki. Ina pia pengo kubwa ambalo makala haya yanataka lizibwe. Waliopanda mara nyingi kuliko wote ndio ambao majina yao yameandikwa mara chache kuliko wote.

Tuanzie mbali kidogo, kusini-magharibi mwa Uingereza, katika nyika yenye mawe na vinamasi iitwayo Dartmoor. Mwaka 1854 mtu mmoja wa Chagford, James Perrott, aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, palipokuwa mbali na barabara na pagumu kufika, ili wanaofika huko waache kadi zenye majina yao. Kazi ya Perrott ilikuwa kuongoza wageni. Alizijua njia za nyika ile, akalipwa kuwapitisha watu wa mjini, kazi ileile wanayoifanya vijana wengi wa Marangu, Machame na Moshi mjini leo. Naomba msomaji alishike hilo, kwa maana nitalirudia: mchezo wa kutafuta visanduku vilivyofichwa na kugonga mihuri, ambao sasa unachezwa na watu wengi duniani, ulianzishwa na kiongozi wa wageni.

Chupa yake baadaye ilibadilishwa kwa sanduku la bati. Wageni wakaanza kuacha humo barua na kadi za posta zenye anwani, na anayefuata akazichukua kwenda kuzitia posta. Mwanzoni mwa karne ya 20 kikaongezwa kitabu cha wageni na muhuri wa mpira. Mwaka 1937 Cranmere pakajengwa kisanduku imara cha mawe, na mwaka uliofuata kingine kikawekwa Ducks Pool kwa kumkumbuka William Crossing, mwandishi aliyeijua nyika hiyo vizuri. Kwa miaka mingi visanduku vilikuwa vichache tu. Vilianza kuongezeka kwa kasi miaka ya 1970. Mwaka 1998 jarida la Smithsonian la Marekani liliandika habari zake, na Wamarekani wakaupokea mchezo na kuongeza lao: kila mtu achonge muhuri wake mwenyewe kwa mkono.

Taratibu zake ni nyepesi. Mtu huficha kisanduku kisichoingia maji chini ya jiwe au kwenye shina la mti. Ndani huweka daftari dogo na muhuri uliochongwa kwa mkono, wenye picha ya kitu cha mahali pale: ndege, daraja, mti, sura ya mlima. Kisha hutoa maelekezo, mara nyingine kwa mafumbo. Mtafutaji naye huja na daftari lake na muhuri wake. Akikipata kisanduku, hugonga muhuri wake kwenye daftari lililomo, hugonga muhuri uliomo kwenye daftari lake, hukirudisha palepale na kukifunika kama alivyokikuta. Hakuna zawadi wala mshindi. Katika nchi za baridi kali, theluji ikifunga njia, wapenzi wa mchezo huu hukaa ndani na visu vyao wakichonga mihuri ya msimu unaofuata, na hutumiana alama zake kwa posta. Tangu mwaka 2000 upo pia mchezo wa binamu yake, wa kutafuta vitu vilivyofichwa kwa kufuata setilaiti, lakini huo unategemea mashine kuliko mkono, na hapa hatutakaa nao.

Kilimanjaro, habari ya kwanza ya kilele iliyoandikwa vitabuni ilikuwa ya kuchukua. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria, walifika kilele cha Kibo. Meyer alisimika bendera, akakiita kilele kwa jina la mfalme wake Wilhelm, akaokota jiwe la juu akaenda nalo. Kipande kimoja cha jiwe hilo alimpa Kaisari Wilhelm II, nacho kikapachikwa katika ukumbi wa magamba na mawe wa kasri la Neues Palais, Potsdam. Kipande kingine akabaki nacho mwenyewe. Katika kambi yao ya juu alikuwepo mtu wa tatu, Mwini Amani wa Pangani, aliyebaki kwenye hema na kuwapikia katika baridi ambayo pwani kwao haijulikani. Meyer na Purtscheller kila mmoja ana ncha yenye jina lake kwenye Mawenzi, kilele jirani cha Kibo, hadi leo. Jina la Mwini Amani sijaliona kwenye ramani yoyote ya mlima inayouzwa Moshi.

Na si jiwe tu lililochukuliwa. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, alinyongwa na Wajerumani huko Old Moshi pamoja na viongozi wengine, na kizazi chake kimehangaika miaka mingi kutafuta kichwa chake, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Siwezi kuandika habari ya jiwe la kileleni nikanyamaza kuhusu hilo. Mambo hayo mawili ni ya utawala uleule, na anayetaka kuelewa kwa nini majina ya mlimani yana uzito kwa watu wa hapa hana budi kuyajua yote mawili.

Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na safari ya mlima ikawa si ya wavumbuzi peke yao. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walijenga vibanda viwili kwenye njia ya Marangu, wakavipa majina ya Bismarck na Peters. Huyo wa pili ni Carl Peters, ambaye Kilimanjaro alikumbukwa kwa kunyonga watu. Waingereza walipoishika nchi majina hayo yaliachwa kama yalivyo, na mapya yakaongezwa. Clement Gillman, mhandisi wa reli, alifika ukingo wa kreta mwaka 1921. Mahali hapo panaitwa Gillman's Point mpaka leo. Mwaka 1925 Kingsley Latham, mpanda milima kutoka Afrika Kusini, alipaita mahali pengine kwenye ukingo kwa jina la mkewe, Stella. Mwaka 1927 Sheila MacDonald akawa mwanamke wa kwanza anayejulikana kufika kilele cha juu kabisa. Mwaka 1929 chama cha wapanda milima cha Afrika Mashariki kilianzishwa hapahapa Moshi, na mwaka 1932 kibanda cha Kibo kikajengwa.

Kwa miongo mingi ya karne iliyopita kileleni palikuwa na sanduku lenye kitabu cha wageni, na Gillman's Point palikuwa na lake kwa ajili ya wale walioishia hapo. Walioandika humo wanakumbuka kifuniko kizito, karatasi zilizolowa, na kalamu ambayo wino wake uliganda. Aliyeshuka salama, viongozi wa Marangu walimvika taji la maua makavu ya mlimani, yale madogo yasiyonyauka, lililosokotwa kwa mkono njiani. Taji hilo nalihesabu kuwa ni muhuri wa aina yake. Kitabu kilisema mgeni amefika, na taji lilisema nani amethibitisha.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii kilitokea Mlima Kenya. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waitaliano wengi waliotekwa na Waingereza walikuwa wamefungwa katika Kambi ya 354 karibu na Nanyuki. Mmoja wao, Felice Benuzzi, aliuona mlima asubuhi moja mawingu yalipofunguka, na tangu hapo hakutulia. Akampata daktari Giovanni Balletto na baharia Vincenzo Barsotti. Kwa miezi kadhaa walitengeneza vifaa kwa siri: vyuma vya kukanyagia barafu kutokana na mabati na mabaki ya vyuma, nguo za baridi kutokana na mablanketi, kamba kutokana na zile za vitanda vyao. Ramani hawakuwa nayo. Picha ya mlima waliyoitegemea ilikuwa ile iliyochorwa kwenye lebo ya kopo la nyama.

Walitoroka tarehe 24 Januari. Barsotti aliugua, akabaki kambini chini ya vilele. Benuzzi na Balletto walijaribu Batian, kilele cha juu kabisa, wakashindwa na hali ya hewa na njaa. Tarehe 6 Februari wakafika Lenana, mita 4,985. Pale juu walisimika bendera ya Italia waliyoishona wenyewe, na pembeni wakaacha chupa iliyozibwa yenye karatasi ya majina yao. Kisha wakashuka, wakiwa taabani kwa njaa, wakajipenyeza na kurudi gerezani wenyewe. Adhabu ilikuwa siku 28 za kufungiwa. Mkuu wa kambi akazipunguza hadi 7 kwa sababu aliheshimu walichokifanya. Bendera yao ilikutwa baadaye na wapandaji wa Kiingereza.

Fikiria watu hao. Hawakuwa na uhuru, nchi yao ilikuwa inashindwa vitani, na kambini walijulikana kwa namba. Walichokitamani kuliko chakula ni kuandika majina yao kwenye karatasi na kuyaacha mahali ambapo mtu mwingine atayasoma. Benuzzi aliandika kitabu kuhusu safari hiyo na kinasomwa hadi leo. Na jina la Balletto limefika Kilimanjaro: uwanja mmoja wa barafu upande wa kusini-magharibi wa Kibo, kwenye ule ukuta mkali ambao Reinhold Messner na Konrad Renzler waliupanda mwaka 1978, unaitwa kwa jina lake. Wapagazi wanaopita njia ya Machame huuona karibu kila juma.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alifikisha mwenge na bendera ya Tanganyika kileleni, na kilele kikaitwa Uhuru. Kwa muda, jina moja lilifuta mengi. Baadaye kibanda cha Bismarck kikawa Mandara, kwa jina la Mangi wa Moshi ambaye pia hujulikana kama Rindi, na cha Peters kikawa Horombo, kwa jina la Mangi wa Keni aliyekuwa na nguvu mlima mzima kabla ya wageni kuja. Nyumba za mbao zenye paa la pembe tatu tunazoziona sasa zilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Norwe, wakati Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1973 ilipokuwa inajipanga kupokea wageni. Kubadili majina hayo ni moja ya kazi nzuri za wakati ule, na inastahili kusifiwa zaidi: mtoto wa Kitanzania anayepanda mlima leo analala chini ya majina ya mababu.

Stempu za posta nazo zilieleza habari hiyohiyo. Mwaka 1935 mlima ulitokea kwenye stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja na sura ya Mfalme George wa Tano. Mwaka 1961, kwenye stempu za uhuru wa Tanganyika, mlima ulitokea tena, safari hii mwenge ukiwa juu yake na mfalme hayupo.

Na kwa kuwa tumegusa stempu, kuna masanduku ya kufichwa ambayo wakusanyaji hawayasahau. Mwanzoni mwa mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa baharini, waliishiwa stempu za koloni lao. Wakachapa za dharura kwenye kiwanda cha misheni cha Wuga huko Usambara, za heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Kabla hazijatumika meli ikapenya na kuleta stempu za kawaida. Majeshi ya Waingereza yalipokaribia, zile za Wuga zikafungwa kwenye masanduku na kufukiwa ardhini karibu na Morogoro. Zilifukuliwa mwaka 1921, nyingi zikiwa zimeharibiwa na unyevu. Zilizonusurika zinakusanywa hadi leo. Ndizo stempu zilizochapwa Tanganyika, zikafichwa Tanganyika, na karibu zote zikaishia mikononi mwa watu wa mbali.

Sasa nirudi kwa Perrott na chupa yake. Dartmoor, aliyeanzisha desturi ni kiongozi, na jina lake ndilo linalotajwa kwanza. Kilimanjaro, vitabu vya kileleni viliandikwa na walioongozwa. Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, ambaye simulizi za kwao zinasema alimwongoza Meyer akiwa kijana, alisubiri hadi maadhimisho ya miaka 100, mwaka 1989, ndipo taifa likamtambua na kumjengea nyumba. Alifariki mwaka 1996, wenyeji wakisema umri wake ulikuwa umepita miaka 120. Kama si maadhimisho yale, wengi wetu tusingelijua jina lake.

Hata leo mambo hayajabadilika sana. Aliyefika kileleni hupewa cheti chenye namba, jina lake likiwa katikati kwa herufi kubwa. Jina la kiongozi liko chini, kwenye mstari wa sahihi. Mpagazi, ambaye wenzake humwita mgumu, jina lake huingia kwenye orodha ya msafara langoni, karibu na mizani ambapo mzigo wake hupimwa usizidi kilo 20. Cheti hapewi. Wapo wagumu waliopita kambi za Barafu na Kibo mara nyingi kuliko profesa yeyote wa jiografia, na kwenye nyumba zao huko Mwika au Kibosho hakuna karatasi hata moja inayosema hivyo.

Watu wa mlimani hawakungoja chupa ya Mwingereza ndipo wajue kuacha alama. Majani ya masale, ambayo hadi leo yanaonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, yalitumwa pia kama ujumbe: aliyekosa aliyapeleka kuomba msamaha, na aliyeyapokea alijua la kufanya bila maandishi. Katika mafunzo ya vijana palikuwa na fimbo iitwayo mregho, iliyochongwa alama moja baada ya nyingine, na mwalimu alifundisha akiifuata kwa kidole. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyeishi Old Moshi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, aliyaandika mafundisho hayo katika majuzuu matatu yaliyotoka kati ya mwaka 1932 na 1938. Kuchonga alama kwenye mti ili mwingine aisome ni elimu ya hapa, na imekuwepo hapa kabla ya kitabu chochote cha wageni.

Ufundi wenyewe nao upo mjini. Moshi, kama ilivyo miji mingi ya nchi hii, ina mafundi wa mihuri. Kazi zao ni za ofisi: muhuri wa duka, wa shule binafsi, wa kikundi cha kuweka na kukopa. Siku hizi wengi hutumia kompyuta na mashine, lakini wa wembe bado wapo. Fundi wa namna hiyo huchukua kipande cha mpira laini na kukisugua kwa msasa hadi uso wake uwe sawa kabisa. Huchora maneno kwa kalamu yakiwa yamegeuzwa, yasomeke kuanzia kulia. Kisha huingiza ncha ya wembe pembeni mwa mstari kwa mshazari, upande huu, halafu upande wa pili, na uzi mwembamba wa mpira hunyanyuka wenyewe. Kinachobaki juu ndicho kitakachoshika wino. Hupuliza vumbi, hubandika mpira kwenye kipande cha mti kwa gundi, hugandamiza kwenye kitambaa cha wino wa zambarau, hugonga kwenye kipande cha gazeti. Akiona mguu wa R umenenepa, hurudi na wembe na kuupunguza kidogo tu, kwa sababu kilichokwisha kukatwa hakirudi. Simama karibu naye kwa dakika tano utaelewa kwa nini watu wa nchi za theluji hutumia miezi yao ya baridi kwa kazi hii.

Wajapani wamekwenda mbele yetu katika jambo hili. Kwenye mlima Fuji mpandaji hununua fimbo ya mbao chini, na kila kituo anachofika mwenye kibanda huichoma muhuri wa moto wenye alama ya kituo hicho. Akifika juu fimbo imejaa historia ya safari, na kila mwenye kibanda amepata riziki na ameacha alama yake. Sisi tunazo fimbo, zinauzwa njia nzima ya Marangu. Tunavyo vibanda vyenye majina ya Wamangi. Tunao mafundi. Kinachokosekana ni uamuzi.

Napendekeza tuanzie nje ya hifadhi. Ndani yake haifai kuacha kitu chochote, na taka za mlimani tayari zimewachosha wanaozibeba. Lakini chini ya lango kuna njia nyingi zinazostahili kutembelewa: maporomoko ya Materuni na ya Kinukamori, Old Moshi, msitu wa Rau, ziwa Chala. Kisanduku kimoja kwa kila mahali, kwa ruhusa ya mwenye kihamba au serikali ya kijiji, na kwa kuheshimu makaburi na sehemu za matambiko. Daftari ndani, na muhuri wenye picha ya mahali pale: mfereji, mgomba, kinyonga wa mlimani, mbuni wenye matunda. Watoto wa shule wanaweza kuchonga kwa kifutio au kwa kandambili iliyochakaa, mwalimu akishika wembe kwa wadogo. Jambo moja la kuwaonya mapema: wasichonge nembo ya taifa wala muhuri wa ofisi yoyote, maana kughushi muhuri wa serikali ni kosa la jinai, hata kama ni kwa mchezo.

Wakati wa kuchonga ni kipupwe. Asubuhi mlima hauonekani, mvua ya manyunyu inashuka hadi Kiboriloni, watu wamejifunika mablanketi na mikono haina haraka. Kitakachochongwa Julai kitakuwa tayari Desemba, Wachagga watakaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo kwa ajili ya Krismasi, na vihamba vitakapojaa watoto wa mjini wasiojua njia ya kwenda mtoni kwa babu. Wapeni daftari na fumbo, waacheni wapotee kidogo na binamu zao.

Kwa viongozi na wagumu nina ombi la pekee. Chongeni mihuri yenu, kila mmoja wake: jina lako, kijiji chako, mwaka ulioanza kupanda. Mgeni akishapokea cheti chake langoni, mwambieni afungue daftari lake, mgonge.